Msumeno wa Chuma kwa Karakana ya Nyumbani: Pima Kazi na Uchochoro Kabla ya Bei

Ukipita Marikiti asubuhi na mapema utaona chuma kila mahali. Kuna mikokoteni inayoshusha matunda, miguu ya meza za wauza viungo, milango ya vizimba, na vyuma vya kutundikia ndizi. Sehemu kubwa ya vitu hivi haitoki kiwandani. Hutengenezwa, na zaidi hurekebishwa, na mafundi wadogo ambao karakana yao ni ua wa nyumba, chumba cha chini au pembe ya baraza hapa kisiwani.

Kwa fundi wa aina hiyo, ununuzi wa kwanza mkubwa huwa ni zana ya kukatia chuma. Hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Mmoja hununua mashine kubwa ya mezani na kuitumia mara mbili kwa mwezi. Mwingine hununua grainda ya bei ya chini kabisa, akavunja kinga yake ili diski kubwa iingie, na baada ya wiki chache yuko hospitalini akitolewa kipande cha chuma jichoni. Wazee walisema rahisi ni ghali. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua zana inayolingana na mfuko wako, kazi yako na mahali unapoishi.

ANZA NA KAZI, SI NA MASHINE

Kabla ya kwenda dukani, andika mambo matatu kwenye karatasi: unakata chuma cha aina gani, kina unene gani, na unakata mara ngapi kwa wiki. Fundi anayekata tyubu za mraba za milimita 25 kwa ajili ya meza za soko hahitaji zana sawa na anayekata nondo za ujenzi au chuma cha pembe cha milimita 50.

Hesabu ni muhimu kuliko sifa za mashine. Chukua mfano huu, kisha uweke bei za duka lako. Tuseme mashine ya mezani inauzwa shilingi 18,000, nawe unakata vipande 30 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima utakata vipande 360. Gawanya, na utaona kwamba kila mkato umekugharimu shilingi 50 za kununua mashine pekee, kabla ya diski na umeme. Anayekata vipande 30 kwa siku atairudisha bei hiyo haraka. Wewe wa vipande 30 kwa mwezi huenda ukapata nafuu kwa njia nyingine.

Njia moja ni kukatiwa dukani. Chuma kingi huuzwa kwa urefu wa mita 6, na wauzaji wengi wa chuma wana mashine na hukata kwa malipo madogo. Nenda na vipimo vyako vimeandikwa, ukatiwe vipande virefu vya awali, kisha umalizie nyumbani kwa zana ndogo. Faida ya pili ni usafiri: chuma cha mita 6 hakikunji kona katika vichochoro vya Mji wa Kale, lakini vipande vya mita 2 hubebwa kwa mkokoteni bila kukwaruza mlango wa jirani.

MSUMENO WA MKONO: MDOGO LAKINI SI DHAIFU

Msumeno wa mkono wa kukatia chuma ndio wa bei nafuu kuliko zote. Fremu yake hugharimu mamia machache ya shilingi, haitumii umeme, haitoi cheche, na kelele yake haimwamshi mtoto wa jirani. Wengi huudharau kwa sababu waliwahi kuutumia na bledi isiyofaa.

Mazungumzo haya ni ya kawaida dukani:

“Ami, naomba bledi ya msumeno wa chuma.”

“Ya meno mangapi, mwanangu?”

Wanunuzi wengi hunyamaza hapo. Bledi ya kawaida ina urefu wa inchi 12, yaani milimita 300, na hupimwa kwa idadi ya meno katika kila inchi moja. Zinazopatikana zaidi ni za meno 14, 18, 24 na 32. Kanuni ya kuchagua ni moja: wakati wote wa kukata, meno yasiyopungua matatu yawe yamegusa chuma. Yakiwa machache, jino moja hubeba mzigo wote, hunasa ukingoni na kukatika.

Kwa hiyo nondo au chuma kinene kisicho na uwazi ndani kinataka meno 14 au 18, ili unga wa chuma upate nafasi ya kutoka. Chuma bapa cha milimita 6 kinakatwa vizuri kwa meno 18. Chuma cha pembe na mabomba ya unene wa kama milimita 3 yanataka meno 24. Tyubu nyembamba na mabati yanataka meno 32. Kama ukuta wa tyubu ni mwembamba mno hata kwa bledi ya meno 32, ulaze msumeno kidogo ili ukate kwa mshazari, na meno mengi zaidi yaguse chuma.

Funga bledi meno yakielekea mbele, mbali na mshiko, na uikaze vizuri, kwa kuwa bledi iliyolegea hupinda na kuvunjika. Sukuma kwa nguvu, rudisha bila kukandamiza. Mwendo wa kama mara 40 hadi 60 kwa dakika unatosha. Anayekwenda mbio huipasha moto bledi na kuyaua meno yake. Tumia urefu wote wa bledi, si inchi mbili za katikati.

Ukiwa na pesa kidogo za ziada, ziweke kwenye mambo mawili. La kwanza ni bledi zilizounganishwa metali mbili, yaani meno magumu juu ya mgongo unaopindika. Ni ghali kuliko bledi za kawaida lakini hazivunjiki ovyo na hudumu zaidi. La pili ni jiliwa imara iliyofungwa kwenye meza nzito. Chuma kinachocheza huvunja bledi, hupotosha mkato na huchosha mkono. Fundi mwenye jiliwa nzuri na msumeno wa mkono mara nyingi humaliza kazi sawasawa na mwenye mashine anayeshikilia chuma kwa mguu.

GRAINDA: MSAIDIZI MWENYE HASIRA

Grainda ndogo ya diski ya milimita 115, yaani inchi nne na nusu, huuzwa kwa maelfu kadhaa ya shilingi. Hukata, husaga na kusafisha kutu. Kwa karakana ya nyumbani ndiyo mashine ya kwanza inayoeleweka kununua. Lakini ndiyo pia inayoumiza watu kirahisi, na sababu ni mwendo wake.

Grainda ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski yake imeandikwa kasi ya juu inayoruhusiwa, mara nyingi 13,300 kwa dakika, ambayo ni sawa na ukingo wa diski kusafiri mita 80 kwa sekunde. Diski kubwa ya milimita 230 imeundwa kwa ukingo huohuo wa mita 80 kwa sekunde, na kwa sababu ni pana, kikomo chake ni kama mizunguko 6,650 tu kwa dakika. Sasa mtu akivunja kinga na kuifunga diski hiyo kubwa kwenye grainda ndogo ya mizunguko 11,000, ukingo wake utasafiri zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mara moja na nusu ya kasi iliyoundwa kuihimili. Diski ikipasuka kwa kasi hiyo, vipande vyake huruka kuelekea uso na shingo ya aliyeishika.

Kwa hiyo shikilia kanuni hizi bila kujadiliana na mtu:

Usiondoe kinga ya diski kwa sababu yoyote.

Usifunge diski yenye kasi iliyoandikwa ndogo kuliko kasi ya mashine.

Usifunge diski ya meno ya mbao kwenye grainda. Hunasa na kuirusha mashine mikononi mwako.

Usisagie kwa ubavu wa diski nyembamba ya kukatia. Imeundwa kukata kwa ukingo pekee.

Shika mashine kwa mikono miwili, na uegemeze chuma ili mkato ufunguke unapokata. Mkato ukijifunga huibana diski, na mashine hurudi nyuma kwa kishindo.

Chunguza pia tarehe. Diski nyingi zimepigwa mhuri wa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi kwenye pete ya chuma iliyo katikati. Gundi inayoshikilia chembe za diski hudhoofika kwa umri na kwa unyevu, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Hifadhi diski mahali pakavu, zimelala bapa, na usinunue zilizokaa juani au mvuani mbele ya duka hata kama umepunguziwa bei.

MASHINE YA MEZANI NA MSUMENO WA MKANDA

Mashine ya mezani ya diski ya kusaga, ile ya inchi 14 au milimita 355, hukata chuma kikubwa kwa haraka na kwa pembe iliyonyooka. Bei yake ni maelfu mengi, mara nyingi zaidi ya elfu kumi. Inamfaa fundi anayekata kila siku. Hasara zake ni mvua ya cheche, vumbi, kelele, na mkato wenye joto na makali yanayohitaji kupigwa tupa.

Kuna mashine inayofanana nayo kwa sura lakini hutumia diski yenye meno ya kabaidi na huzunguka polepole zaidi, kama mara 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Mkato wake ni safi na cheche ni chache, lakini mashine na diski zake ni ghali. Zingatia tofauti hii: mashine ya diski ya kusaga huzunguka karibu mara 3,800 kwa dakika. Ukiifunga diski ya meno iliyoundwa kwa mizunguko 1,500 kwenye mashine hiyo, meno yatachomoka na kuruka kama risasi. Kufanana kwa tundu la katikati si ruhusa ya kuzibadilishana.

Msumeno wa mkanda hukata kwa utepe wa meno unaozunguka polepole. Cheche hakuna, kelele ni ndogo, na bledi hudumu. Kwa mtu anayekata chuma ndani ya mtaa wenye nyumba zilizobanana, hii ndiyo mashine inayofaa kuliko zote. Tatizo ni bei, ambayo hufika makumi ya maelfu. Mafundi watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga na kununua mmoja wa pamoja, wakaandikiana namna ya kugawana gharama za bledi na matengenezo kabla ya kuutumia siku ya kwanza.

Anayekata alumini aepuke diski za kusaga. Alumini huyeyuka na kuziba diski, nayo hupata joto na inaweza kupasuka. Msumeno wa meno, wa mkono au wa mkanda, ndio unaofaa.

PIMA UCHOCHORO WAKO

Hapa ndipo fundi wa Mji wa Kale anapotofautiana na mwenye kiwanja kikubwa bara. Cheche ya grainda ni kipande cha chuma chenye moto, na huruka mita kadhaa. Viwango vya usalama wa moto vya Marekani hutaka vitu vinavyoshika moto viwe mita 11 kutoka mahali pa kukatia. Ni nani Mji wa Kale mwenye mita 11? Vichochoro vingi ni vyembamba kuliko hapo, nyumba zetu za mawe ya matumbawe zimebebwa na boriti za mikoko, milango na roshani ni za mbao kavu za miaka mingi, na kando ya Marikiti kuna maboksi, magunia na plastiki. Moto ukishika katikati ya mtaa, gari la zimamoto huenda lisipate njia ya kufika mlangoni.

Kama huna nafasi hiyo, chaguo la kwanza ni kukata bila cheche: msumeno wa mkono, wa mkanda, au kukatiwa dukani. Ikiwa ni lazima utumie grainda, ondoa kila kinachoshika moto, weka ukuta wa mabati mbele ya cheche, mwagia sakafu maji huku waya na plagi zikiwa mbali na pakavu, na uweke ndoo ya mchanga au kizimamoto karibu. Ukimaliza, usifunge mlango uende msikitini au sokoni mara moja. Kaa hapo angalau nusu saa ukiangalia, kwa sababu cheche iliyojificha kwenye gunia huweza kufuka kimyakimya kabla ya kuwaka.

Usikate kamwe pipa au tangi lililowahi kubeba petroli, mafuta, rangi au kemikali. Mvuke uliobaki ndani, hata kama pipa linaonekana tupu, hulipuka kwa cheche moja. Kwa chuma kilichopakwa zinki au rangi ya zamani, kata mahali penye hewa na uvae barakoa ya vumbi.

Umeme nao uangaliwe. Umeme wetu ni volti 240. Mashine ya wati 2,200 huvuta zaidi ya ampea 9, wakati plagi ya kawaida ina kikomo cha ampea 13. Waya mwembamba wa kurefushia, hasa ukiwa umeviringishwa, hupata joto na kuyeyuka. Ukunjue wote, na usiunganishe mashine mbili kwenye waya mmoja. Nyumba yenye nyaya za zamani ikaguliwe na fundi wa umeme mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA.

KELELE, JIRANI NA SHERIA

Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vinavyoruhusiwa katika makazi hushuka sana kuanzia hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi. Grainda haitaweza kutii viwango hivyo. Panga kazi ya kukata mchana, na umwarifu jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga. Kwa masikio yako mwenyewe, grainda hupita desibeli 90, kiwango ambacho kanuni za kazi za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi kukivumilia zaidi ya saa nane bila kinga. Vizibo vya masikio ni bei ya chai na mahamri.

Miwani ya kinga haina mbadala. Miwani ya jua si kinga. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na uvue shuka, kikoi kinachoning'inia au kanzu kabla ya kuwasha mashine inayozunguka.

Ukianza kuuza unachotengeneza, hiyo ni biashara, hata kama ni uani mwa nyanya yako. Ulizia katika afisi za kaunti kuhusu kibali cha biashara na cheti cha usalama wa moto kabla hujapanua kazi. Mabaki ya chuma nayo yauze kwa mfanyabiashara mwenye leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na uweke risiti.

MASWALI MATANO YA DUKANI

1. Je, ina alama ya Shirika la Viwango, KEBS? Bidhaa iliyotengenezwa nchini yenye alama ya ubora huwa na nambari ya kibali. Andika SM, alama ya #, kisha nambari hiyo, na utume ujumbe kwa 20023 kuithibitisha.

2. Bledi, diski na brashi za kaboni za mashine hii zinapatikana hapa mjini? Mashine isiyo na vipuri ni chuma chakavu kinachosubiri siku.

3. Kinga, mshiko wa pembeni na ufunguo wa diski vimo ndani ya boksi? Lifungue na uone.

4. Naweza kuiwasha nikiwa dukani? Sikiliza mngurumo na uangalie kama inatetemeka. Swichi ibonyezeke na kuachia bila kunasa.

5. Risiti na dhamana ziko wapi? Kifungu cha 46 cha Katiba humpa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, maelezo ya kutosha, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Lakini bila risiti, kudai haki hiyo ni safari ndefu.

UNUNUE NINI BASI?

Kwa karakana nyingi za nyumbani kisiwani, mpangilio wa nafuu ni huu. Mwezi wa kwanza, nunua jiliwa, fremu nzuri ya msumeno wa mkono, na bledi za meno 18, 24 na 32. Mikato mirefu ifanyiwe dukani. Kazi ikiongezeka, nunua grainda ndogo yenye kinga yake, pamoja na miwani na vizibo vya masikio siku hiyohiyo, si baadaye. Mashine ya mezani au msumeno wa mkanda isubiri mpaka daftari lako lionyeshe kwamba mikato ya kila siku inaweza kuilipa, na mpaka uwe na mahali pa kuiweka pasipohatarisha nyumba ya mwenzako.

Kila jioni futa unga wa chuma, paka bledi mafuta kidogo kwa kitambaa, na uzihifadhi mbali na upepo wa chumvi. Bledi iliyotunzwa hukata mwaka ujao. Iliyoachwa dirishani hushika kutu kabla ya mwezi kuisha.

Kukitokea moto au ajali, piga 999 au 112, na uwaeleze kwa usahihi kichochoro na alama iliyo karibu nawe. Kisha mtume mtu asimame barabarani kuwaongoza waokoaji.